Jina la Pili la Baridi Yabisi

Daktari alimwamkia mama kwa shikamoo, akamsogezea kiti, akaomba mikono yake yote miwili, akaanza kubonyeza viungo vya vidole kimoja baada ya kingine. Kila alipofika kwenye kiungo kilichovimba, mama alifumba jicho moja na kuendelea kutazama ukuta. Kisha akaulizwa vidole hukaza kwa muda gani asubuhi kabla ya kuachia, naye akajibu kwamba huamka kwa adhana ya alfajiri na hawezi kufunga kifungo cha nguo mpaka jua liwe limeshaingia uani. Daktari aliliandika jibu hilo kwa makini. Halafu akauliza swali ambalo si kila daktari hulikumbuka: mama, wewe mwenyewe unaona huu ni ugonjwa gani?

"Baridi yabisi, mwanangu."

Kijana yule akatabasamu. Sikuona dharau katika tabasamu lake, na ninalisema hili mapema ili nisimwonee. Alinigeukia mimi, kama watu wanavyomgeukia yule wanayemdhani ndiye msomi wa familia, akasema kwamba wazee wetu bado wana majina yao ya zamani, na kwamba kitaalamu ugonjwa huu unaitwa rumatoidi athraitisi. Mama aliitazama mikono yake juu ya meza kana kwamba ni ya mtu mwingine.

Tukiwa ndani ya bajaji, katikati ya foleni, akaniuliza: "Kwani nilikosea?"

Nilimjibu kwamba hakukosea. Sikuwa na sababu yoyote ya kumjibu hivyo zaidi ya kutaka kumfariji, na kwa wiki sita zilizofuata jibu hilo lilinisumbua mimi kuliko lile jina lilivyomsumbua yeye.

## Maji manne

Kwamba maneno baridi na yabisi yana asili ya Kiarabu, kila msomaji wa Kiswahili analihisi bila kufungua kamusi. Nilichokuwa sikijui ni kwamba huko yalikotoka yalikwenda pamoja kwa sababu maalumu. Miaka yote niliyachukulia kama lawama kwa hali ya hewa: mtu amelala sakafuni, ameoga usiku maji ya kisima, amekaa mno kwenye upepo wa bahari, baridi ikamwingia mifupani.

Kumbe palikuwa na elimu nzima nyuma yake.

Yapata mwaka 400 kabla ya Kristo, waandishi wa Kigiriki waliofuata mkondo wa Hippocrates, tabibu wa kisiwa cha Kos, walifundisha kwamba mwili wa mwanadamu una maji ya aina nne: damu, balghamu, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Mafundisho hayo yalipokomaa, hasa mikononi mwa tabibu Galen katika karne ya 2, kila maji yalikuwa yamepewa tabia mbili kati ya nne, yaani joto au baridi, unyevu au ukavu. Damu ilikuwa ya joto na unyevu, balghamu ya baridi na unyevu, nyongo ya manjano ya joto na ukavu. Ikabaki nyongo nyeusi, ndugu wa udongo, ambayo tabia zake mbili zilikuwa baridi na ukavu. Mtu mzima wa afya ni yule ambaye mizani ya maji haya imesimama sawa, na mgonjwa ni yule ambaye mizani yake imelala upande mmoja.

Matabibu walioandika kwa Kiarabu walipoyapokea mafundisho haya, tabia za hiyo nyongo ya mwisho waliziandika kwa maneno mawili, barid na yabis. Mmoja wao, Ibn Sina, aliyekamilisha kitabu chake cha tiba kiitwacho Qanun mnamo mwaka 1025, alitenga sehemu ya pili nzima ya kitabu hicho kwa ajili ya dawa zisizochanganywa, na dawa hizo zilipimwa kwa tabia na kwa daraja: hii ni ya joto na unyevu katika daraja la kwanza, ile ni barid yabis katika daraja la pili. Kwa msomaji wa wakati ule, maelezo hayo yalikuwa ya kawaida kama leo tunavyosoma miligramu 500 ubavuni mwa pakiti ya vidonge.

Nilipofika hapo niliweka kitabu chini, nikacheka peke yangu sebuleni.

Mama yangu, mzaliwa wa Pangani, ambaye shule yake iliishia darasa la nne, alikuwa ameulizwa swali la kitabibu na daktari, akalijibu kwa istilahi ya kitabibu. Wala si neno hilo tu. Tunapotema balghamu tunatema mojawapo ya yale maji manne, ingawa neno lenyewe lilianza kama flegma la Kigiriki kabla ya midomo ya Waarabu kuligeuza. (Na hapa pana kichekesho cha kale: flegma linatokana na kitenzi chenye maana ya kuwaka moto, lakini ndilo waliloyapa maji ya baridi.) Tunapomwita mtu mgonjwa wa safura, tunataja nyongo ya manjano, kwani safra ndilo jina lake la Kiarabu, leo neno limehamia kwa yule aliyepauka kwa upungufu wa damu unaoletwa na minyoo. Na mzee wa pwani anayekukataza madafu ukiwa na kikohozi kwa sababu madafu ni baridi, kisha akakupa tangawizi kwa sababu ni joto, hazungumzii kipimajoto. Dafu lililoanikwa juani mchana kutwa, kwake bado ni baridi.

## Jina la daktari

Baada ya ushindi huo mdogo niliona ni haki kulipekua na jina la upande wa pili.

Athritisi ni Kigiriki. Arthron ni kiungo, na hicho kiambishi cha mwisho, ambacho leo madaktari hukitumia kumaanisha uvimbe wenye moto, hapo mwanzo hakikumaanisha uvimbe wowote. Kilikuwa kiambishi cha kivumishi tu. Mgiriki aliposema athritisi alikuwa amesema "wa viungo", na neno "ugonjwa" likabaki likieleweka lenyewe.

Neno lililonishika zaidi ni lile la kwanza. Rheuma kwa Kigiriki ni mtiririko, kama wa mto. Katika maandishi yanayohusishwa na Hippocrates imo nadharia kwamba maji ya mwili hutiririka kutoka kichwani na kushuka kwenye pua, masikio, macho, kifua na kwingineko, hata kufika kwenye viungo, na mahali yanapotuama ndipo panapouma. Neno katari, jina la kitabibu la mafua yenye makamasi, lina maana hiyohiyo ya kutiririka kwenda chini. Hata jongo, yaani gauti, kwa jina ambalo Waingereza na Wafaransa walilirithi kutoka Kilatini, linaitwa tone: tone la maji mabaya lililodondokea kwenye kidole gumba cha mguu. Tabibu wa Kifaransa Guillaume de Baillou ndiye aliyelichukua neno la mtiririko na kulifunga kwenye maumivu ya viungo, katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1642 akiwa ameshafariki.

Hilo neno kamili alilolitamka daktari wetu lina mwaka wake wa kuzaliwa: 1859. Alilibuni Alfred Garrod wa London, mtu aliyekuwa na hila ya kupendeza ya maabara. Alichukua majimaji ya damu ya mgonjwa, akayatia asidi, akatumbukiza uzi wa kitani na kusubiri. Kama mgonjwa alikuwa na jongo, fuwele za asidi ya yuriki zilijishika kwenye uzi. Kama viungo vyake vilivimba kwa sababu nyingine, uzi ulitoka mtupu. Hao wenye uzi mtupu nao walihitaji jina, naye akawapa neno lenye maana ya "kinachofanana na".

Ukilikusanya lote kwa Kiswahili, jina la kitaalamu la ugonjwa wa mama linasema hivi: wa viungo, unaofanana na mtiririko.

Hakuna kinachotiririka. Tunajua leo kwamba katika ugonjwa huu kinga ya mwili hukosea adui na kushambulia utando laini unaovifunika viungo kwa ndani. Jina la daktari halisemi lolote kuhusu kinga wala utando. Ni kipande cha nadharia ileile ya maji manne, kimevaa koti jeupe.

## Kaa kwa lugha mbili

Nilitaka kujua imekuwaje mabinti wawili wa nyumba moja wakakutana katika chumba cha daktari na wasitambuane.

Nyumba yenyewe, kwa sehemu kubwa, ni ya Galen. Alizaliwa Pergamon, katika nchi ya leo ya Uturuki, akawatibu mabondia wa panga waliopigana mbele ya watazamaji, kisha akahamia Rumi na kuandika bila kuchoka. Karne ya 9, mjini Baghdad, Hunayn ibn Ishaq, Mkristo aliyetokea Hira, alifanya kazi ambayo kila mtafsiri anapaswa kuionea wivu: alizitafuta nakala za Kigiriki, akazilinganisha, yeye na wenzake wakazitafsiri kwa Kisiria na Kiarabu, na baadaye akaandika waraka unaotaja kazi 129 za Galen na nani alitafsiri ipi. Kutoka hapo elimu ilishika njia mbili. Moja ilikwenda magharibi mpaka Toledo, Hispania, ambako Gerard wa Cremona aliigeuza Qanun kuwa ya Kilatini katika karne ya 12. Nyingine ilienea katika dunia ya Kiislamu, na matawi yake yalifika hadi pwani yetu pamoja na pepo za kaskazi. Sisemi kwamba Qanun yenyewe ilipakuliwa jahazini Pangani. Maneno yake ndiyo yaliyoshuka, midomoni mwa watu.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni saratani.

Wagiriki waliuita uvimbe ule karkinos, yaani kaa. Galen alieleza kwamba mishipa iliyovimba kuzunguka uvimbe wa titi husambaa pande zote mbili kama miguu ya mnyama huyo. Mrumi Celsus, katika karne ya 1, alilihamisha neno kwa maana yake, akaandika kaa wa Kilatini, kansa. Watafsiri wa Kiarabu nao wakalihamisha kwa maana yake, wakaandika kaa wa Kiarabu, saratan. Ndiyo maana wanaosoma nyota kwa Kiswahili wana nyota ya Saratani, na ni nyota ileile ambayo magazeti ya Ulaya huiita Kansa. Mtu wa Dar es Salaam anayesema kansa na bango la Taasisi ya Saratani Ocean Road wote wanamtaja mdudu mmoja wa pwani, kila mmoja kwa lugha ya mgeni, ilhali kaa wetu wenyewe wanakimbilia mashimoni hatua chache kutoka hapo.

Mfano huo ulinifurahisha, kisha ukanitibulia hoja. Nilikuwa nimeanza kujenga lalamiko kwamba neno likipita Ulaya linaheshimiwa na likipita Arabuni linadharauliwa. Lakini kwa kaa mambo yamepinduka: kansa ndilo neno la mtaani, na saratani ndilo la mabango, la taarifa ya habari na la hotuba za waziri. Heshima ya neno haifuati njia moja. Ilinibidi nilifute lalamiko langu, na nilikuwa nimeshalipenda.

Isitoshe, njia zenyewe ziliingiliana. Utando mgumu unaoufunika ubongo, ambao madaktari wa upasuaji duniani kote huuita kwa Kilatini dura mata, maana yake ni mama mgumu. Wagiriki waliuita utando tu, na neno hilo lao ndilo lililozaa jina la kimataifa la ugonjwa tunaouita homa ya uti wa mgongo. Huyo mama ametoka kwa Waarabu, ambao hutumia neno umm kwa kitu kinachozunguka na kulea kingine. Tabibu Ali ibn al-Abbas al-Majusi aliandika umm, na Stephen wa Antiokia, alipokitafsiri kitabu chake kwa Kilatini mwaka 1127, akaandika mama bila kupepesa jicho. Daktari bingwa anayetamka Kilatini hicho kwa fahari anazungumza Kiarabu bila kujua.

## Mashaka

Wiki ya nne nilikuwa na makala nzima kichwani. Ingesema kwamba mama na daktari walitumia jina moja, na kwamba tofauti yao ni njia tu iliyofuatwa na maneno.

Kisha nikasoma upya na kuona kwamba majina yale hayakubaliani.

Mtiririko ni unyevu. Maji yanayoshuka kutoka kichwani kwenda kwenye viungo ni balghamu, na balghamu ni baridi na majimaji. Mama alisema baridi na ukavu. Katika mizani ya Galen, hizo ni pande mbili tofauti kabisa, na tabibu aliyezichanganya angempa mgonjwa dawa ya kumdhuru. Kama kweli majina haya ni ya nadharia moja, basi mmoja kati ya mama na daktari alikuwa amekosea hata kwa kanuni za nadharia yenyewe.

Shaka la pili lilikuwa zito zaidi. Yabisi kwa Kiswahili hakijabaki kuwa kikavu cha Ibn Sina. Shule ya msingi tulifundishwa kwamba maada ni yabisi, kimiminika au gesi, na hakuna mwalimu aliyetaka tuelewe kwamba chuma ni kikavu. Alitaka tuelewe kwamba ni kigumu, kwamba kimekaza. Je, nilikuwa na haki gani ya kumvika mama kilemba cha Baghdad? Kujua neno lilikotoka si kujua anachokimaanisha mtu anayelitamka. Mimi mwenyewe husema Jumatano bila kuwaza kwamba nahesabu hadi tano kuanzia Jumamosi.

Nikafanya nilichopaswa kufanya siku ya kwanza. Nilimuuliza.

Alikuwa anachambua mchele, akitumia kiganja kwa sababu ncha za vidole hazimtii. "Mama, kwa nini mnaiita yabisi?"

Akaninyanyulia mkono wa kulia, vidole vimejikunja nusu. "Si kwa sababu asubuhi vinakuwa kama kuni."

Hapo nikalikumbuka lile swali la daktari, kwamba vidole hukaza kwa muda gani kabla ya kuachia. Halikuwa swali la kupoteza muda. Kukaza kwa viungo asubuhi kwa saa nzima au zaidi ni dalili ambayo madaktari huitafuta wanapotaka kuutenga ugonjwa huu na maumivu ya kawaida ya uzee, ambayo aghalabu huachia mapema baada ya kuamka. Daktari alikuwa anauliza habari za uyabisi. Mama alikuwa ameutaja ndani ya jina. Neno alilolitabasamia lilikuwa na dalili aliyokuwa ameiandika muda mfupi kabla.

## Pembe ya kuumikia

Hata hivyo nisije nikapiga chuku.

Msemo huu nao una historia ya kitabibu. Chuku ni ile pembe ya kuumikia, inayobandikwa juu ya ngozi iliyochanjwa na kufyonzwa mpaka nyama inavimba na damu kutoka. Ndipo mtu anayevimbisha habari akaambiwa anapiga chuku. Celsus aliandika kwamba vikombe vya kuumikia ni vya aina mbili, vya shaba na vya pembe, na mtu yeyote wa pwani mwenye umri wa mama angekitambua hicho cha pembe.

Nadharia iliyokizunguka kikombe hicho ndiyo ninayopaswa kuisema bila kuipamba. Galen aliamini kwamba damu hutengenezwa kwenye ini na kutumiwa na mwili kama mafuta ya taa yanavyotumiwa na utambi, haizunguki na kurudi. Kwa imani hiyo, kumtoa mgonjwa damu ili mizani isimame ni jambo la akili kabisa, na madaktari wa Ulaya waliendelea kulifanya hata baada ya William Harvey kuonyesha mwaka 1628 kwamba damu huzunguka. George Washington aliugua koo Desemba 1799, akatolewa damu mara kadhaa kwa siku moja, akafa usiku wa siku hiyo. Galen pia alipasua nyani na nguruwe badala ya maiti za watu, kisha akaandika kuhusu mwili wa mwanadamu kwa uhakika wa mtu aliyeuona.

Wapo waliomshuku ndani ya mkondo wenyewe, na hao ndio ninaowapenda kuliko wote. Al-Razi, aliyefariki karibu mwaka 925, aliandika kitabu kizima cha kumpinga na kukiita Shukuk, neno ambalo Mswahili analitambua mara moja kuwa ni mashaka. Abd al-Latif al-Baghdadi, aliyekuwa Misri wakati wa njaa kuu ya mwaka 1201, aliyakagua mafuvu zaidi ya 2,000 ya waliokufa, akaona kwamba taya la chini ni mfupa mmoja, wakati Galen alisema ni miwili. Akaandika kwamba macho yake ni shahidi wa kweli kuliko Galen.

Kwa hiyo jina la mama lina ukoo mkubwa, na ukoo huo haukuwahi kumponya mtu yeyote vidole. Nisingependa asome makala hii na kuviacha vidonge vyake.

## Dawa

Kuna maneno ambayo hayakupita Kos wala Baghdad, nayo nitayapitia kwa haraka kwa sababu kila moja linadai makala yake. Kuganga ni Kibantu, na mganga ana ndugu wa jina kutoka Kongo hadi Afrika Kusini. Ndwele nayo ni yetu, imehifadhiwa ndani ya methali ya yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Serikali ya Tanzania haikuona aibu kumwita daktari wake wa juu kabisa Mganga Mkuu wa Serikali. Daktari, kwa upande wake, ni neno la Kilatini lenye maana ya mwalimu, na pwani yetu mtu anayetibu kwa kitabu huitwa mwalimu. Chanjo tuliitaja kwa wembe unaochanja ngozi, wakati Ulaya waliitaja kwa ng'ombe, kwa sababu Edward Jenner mwaka 1796 aliipata kinga ya ndui kutokana na ndui ya ng'ombe.

Kwenye dawa pekee ndipo ninapotaka kukaa kidogo. Neno famasi linatokana na farmakon la Kigiriki, ambalo lilimaanisha dawa na pia sumu, na wanafalsafa wameandika mengi kuhusu fumbo hilo la neno moja kuponya na kuua. Kwa Mswahili hakuna fumbo. Duka la mtaani kwetu linauza dawa ya meno, dawa ya viatu, dawa ya mbu na dawa ya panya kwenye rafu moja, na hakuna mteja aliyewahi kuchanganyikiwa.

## Vidonge vya Ijumaa

Tulirudi hospitali baada ya miezi mitatu. Uvimbe ulikuwa umepungua. Mama anatumia methotrekseti, ambayo kwa ugonjwa huu humezwa mara moja tu kwa wiki na si kila siku, jambo ambalo daktari alilirudia mara tatu na kumfanya mama alirudie yeye mwenyewe, kwa sababu kuimeza kila siku kunaweza kuua. Kwa uangalifu wake siku hiyo nilimsamehe tabasamu la safari ya kwanza.

Alipomaliza kuandika, mama akamuuliza: "Mwanangu, lile jina lako la kitaalamu maana yake nini?"

Daktari alifungua mdomo, akaufunga, kisha akacheka kwa uungwana. Alikiri kwamba hakuwahi kuuliza. Walilikariri tu, mtihani ukapita.

Nilikuwa na wiki zangu zote za kusoma mdomoni, na sikuweza kujizuia. "Maana yake mtiririko," nikasema. "Kitu kinachofanana na mtiririko."

"Mtiririko wa nini?" mama akauliza.

Daktari alinitazama mimi. Nikamjibu mama kwamba hakuna. Wazee wa zamani ndio waliodhani kuna maji yanatiririka.

Mama akatabasamu. Halikuwa tabasamu la dharau.

Jirani yetu alimkuta barazani Ijumaa iliyofuata, ana glasi ya maji na vidonge vyake kwenye kisahani, akamuuliza hospitali wamesema ni nini hasa.

"Baridi yabisi," mama akamjibu. "Lakini ile ya hospitali."